Deni la Miezi Mitatu

Duka langu ni la bati,
nyuma ya nyumba ya Fati,
nauza chumvi, biskuti,
na mafuta ya chupani.

Makoongwe wanijua,
daftari nimefungua:
kila anayechukua
jina lake mstarini.

Mwezi ule wa Rajabu
sheha kaja na hesabu,
akataka tumjibu:
“Mwamba tuufunge lini?”

Pweza wamekuwa ngumi;
ukipima hata kumi
mizani haisukumi
ya tajiri Mkoani.

Ni miezi mitatu tu:
mwambani asende mtu,
si wa kwao, si wa kwetu,
faini elfu hamsini.

Tukainua mikono,
hata mimi, bila neno;
nikayaona mavuno,
sikuona ya njiani.

Wiki ya kwanza, sukari;
Mwatumu akasubiri
watu watoke, kwa siri:
“Niandike kitabuni.”

Wiki ya tatu, mchele;
Raya na mwanawe yule
aliyefukuzwa shule
kwa ndara za miguuni.

Mwezi wa pili, Shaibu
kauza mbuzi wa babu
kwa bei ya majaribu,
nusu ya ile sokoni.

Hidi, usiku, kurunzi,
kakamatwa na mlinzi,
kashika ndoo na mwanzi
na pweza wawili ndani.

Faini hakuwa nayo;
mkewe, kimoyomoyo,
kavua aliyonayo,
herini ya sikioni.

Mtaji ukanishuka;
mwenye jumla akawaka:
“Duka lako la sadaka,
au ni la duniani?”

Bwana mmoja wa mji
kaja na chati, na maji
ya chupa. “Huu mtaji,”
kasema, “u baharini.”

Alisema kweli tupu.
Kweli haijazi kapu,
na mtoto hanywi supu
ya pweza wa mapangoni.

Bamvua likafunua
mwamba; na kabla ya jua
kila mtu kachukua
mchokoo mkononi.

Pweza kilo tatu, nne!
Mwatumu kanasa nane,
kaita: “Njooni mwone
zimwi lililo kapuni!”

Kisha bei. Ile sita
elfu, tajiri kakata
ikawa tatu: “Mwaleta
wote siku moja, kwani?”

Na boti kutoka mbali,
zisizofunga awali,
zikavuna kwelikweli
tulichofungia ndani.

Lakini sitadanganya:
jioni nilikusanya
noti mbichi za kufinya,
zenye harufu ya pwani.

Raya kalipa mchele,
mwanawe karudi shule,
viatu vipya, kelele
vikipiga barazani.

Nikaipiga mistari
kurasa zote; tayari
nifunge langu daftari,
nikaona jina chini:

Mkasi binti Makame.
Hana boti, hana mume,
aliokota makome
na kipweza cha jikoni.

Siku ile ya mavuno
kalala, agonga meno
kwa homa, hana maneno,
kajikunja kitandani.

Robo sukari. Mafuta.
Kibiriti. Unga kata.
Elfu nane hajapata,
hajaona hata peni.

Alifunga kama sisi,
gharama yake halisi
kalipa; faida, basi,
haikuja mlangoni.

Juzi sheha kaja tena.
Watu wakatazamana;
nikasimama kunena,
daftari langu kwapani:

“Nakubali: mwamba wetu
bila kufuli si kitu;
ila njaa ya mwenzetu
nani ataithamini?

Kila kilo, toa mia
mbili, zipate lishia
miezi ya kungojea
wasio kitu chunguni.”

Sheha akakuna kichwa;
mpaka jua likachwa
neno langu likaachwa
lingoje kwenye foleni.

Mwamba umefungwa jana.
Leo Mkasi kapona,
kaja dukani, aona
haya, yuko mlangoni.

Robo kilo ya sukari
nikapima; na daftari
nikafungua: mstari
mpya, jina lake, chini.